Risasi Iliyovuka Bonde

Baba mkwe wangu alinipiga risasi ya paja asubuhi moja ya mwezi wa tatu, na kwa desturi ya kwetu hakuweza hata kuja kutazama alipoumiza. Mke wa mtoto na baba wa mumewe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, na mkikutana njiani ni wewe mwanamke unayepisha pembeni, unapiga goti na kutoa shikamoo yako huku umegeuzia uso upande wa pili. Maneno yakiwa ya lazima, yanapitia kwa mama mkwe. Sasa mzee wa watu amekosea, na pale alipokosea ni mahali ambapo kwa mkwe hapatajwi wala hapaulizwi. Hata pole yake ilibidi niletewe na mkewe.

Nasema alinipiga kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wengine husema "ile ajali", na hawakosei. Polisi waliandika ajali, mimi nilisema ajali, na kanisani tukaambiwa kwamba ajali haina kinga. Lakini neno hilo ni jepesi mno kwa mambo yaliyofuata, na mengi kati ya hayo hayakuwa ajali hata kidogo.

Kwetu ni kwenye miteremko ya Kingerikiti. Ukisimama mlangoni kwako unaona moshi wa jiko la mtu wa ng'ambo ya bonde, na ukigombana na mumeo, ng'ambo wanajua kabla hamjapatana. Baba mkwe alikuwa fundi seremala wa misheni. Padri aliyemwajiri alikuwa Mzungu mzee, mwindaji, ambaye Jumapili baada ya misa ya pili alikuwa akitoka nyuma ya ghala na bunduki yake kulenga shabaha. Baba mkwe ndiye aliyemtengenezea mbao za kulenga, akazichora duara kwa mkaa, akazibeba hadi mwisho wa uwanja na kuzirudisha zikiwa na matundu. Kwa kuwa padri hakupenda kulenga peke yake, alimfundisha. Watu walioshuhudia wanasema baada ya muda fundi alikuwa anamshinda mwalimu wake, na padri alikuwa akicheka mpaka kofia inaanguka. Padri alipozidi kuzeeka na kuitwa kwao, alihangaika na ofisi za Songea mpaka kibali kikahamishwa, na bunduki ikabaki kwa fundi.

Risasi zake zilikuwa aina ile ambayo wawindaji wengi huipenda, kwa porini na kwa shabaha. Kwetu tuliziita thati-o-siksi, namba yao ya Kiingereza tuliyoisikia kwa padri, na watoto walidhani ni jina la bunduki yenyewe. Zilikuwa ndefu kama kidole cha kati cha mwanaume, za shaba ya njano, zimebana shingoni mithili ya chupa. Puani risasi ilitokeza nyeusinyeusi, maana hapo haikuvikwa shaba. Baba mkwe alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, na katika miaka ile ya foleni, wakati hata sabuni ilipatikana kwa kujuana, alizitumia kwa ubahili mkubwa. Nguruwe pori wakizidi kwenye mahindi ya mtu, mwenye shamba anakuja kwa heshima, anakaa, anazungumzia mvua, anazungumzia kahawa, mpaka mzee mwenyewe anamsaidia: "Wanaingilia upande gani?" Alfajiri yake unasikia mlio mmoja tu. Nyama iligawanywa kwa wote, na yeye alichukua shingo.

Bila bunduki ile tusingelima kule chini karibu na msitu. Hilo kila mtu alilijua.

Zikaja enzi za ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia Mbinga na mizani zao, chama cha ushirika kikaanza kukohoa, mitumba ikajaa gulioni, na mume wangu akapata kazi kwenye ghala la mnunuzi mmoja pale mjini, akawa anakuja nyumbani mwisho wa juma akinuka magunia. Huku upande wa Liparamba ikafunguliwa kambi ya wawindaji wa kigeni. Walihitaji meza, milango na makabati, na baba mkwe akaitwa. Kule akakuta wageni ambao, kabla ya kwenda porini, walisimamisha ubao na kulenga ili kusawazisha bunduki zao. Mama mkwe alinisimulia kwamba mzee alirudi siku ile akiwa kijana. Tangu padri aondoke hakuwa ameona mtu akilenga ubao kwa mchezo. Walimpa nafasi alenge, akalenga, na mgeni mmoja aliyekuwa na bunduki ya aina ileile akafurahi, akampa boksi la risasi lililobaki nusu kama zawadi ya kuagana.

Jioni ile nilimsikia akicheka upande wa pili wa ukuta uliotenga vyumba vyao na vyetu. Nilikuwa nimekaa mwaka wa pili katika ukoo ule na nilikuwa sijawahi kusikia kicheko cha baba mkwe. Risasi za wageni zilikuwa nzuri kuliko za padri. Ziling'aa zote, mpaka puani. Alizilinganisha, akasoma namba iliyopigwa kwenye kitako, ikawa ileile. Aliziingiza kwenye bunduki, zikakaa sawasawa. Mtu angetaka nini tena?

Mwezi wa tatu kwetu ni wa kuchimba ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana kama nyavu, halafu sisi wanawake tunachimba udongo wa katikati na kuzifukia. Mteremko mzima unabaki vishimo vishimo, mvua inatuama humo badala ya kuondoka na shamba. Ni kazi ya kuinama, na mimi nilipenda kuianza kabla jua halijapanda. Asubuhi ile nilimwacha mtoto kwa bibi yake, nikavuka mto, nikaanza kuchimba upande wa ng'ambo, kwenye kipande ambacho mume wangu alikifyeka Jumapili.

Baba mkwe hakujua kwamba niko huko. Atajuaje, na hatuagani? Yeye alikuwa amelala kifudifudi juu ya shamba lake, akiwasubiri nguruwe. Padri alimfundisha sheria moja ambayo hakuivunja hata siku moja: mlima uwe nyuma ya mnyama, ili risasi ikikosa izame udongoni. Nguruwe alipotokea, mlima ulikuwa nyuma yake. Ulikuwa ule mlima wetu wa ng'ambo. Mzee hakukosa. Alimpiga begani palepale alipokusudia, na risasi ikatoboa bega, ikatoka upande wa pili, ikavuka bonde, ikanikuta nimeinama.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilidhani nimejikata kwa jembe, nikakasirika, maana lilikuwa jembe jipya.

Walinibeba kwa machela mpaka barabarani, kisha gari la kahawa likanishusha hadi hospitali ya misheni kule ziwani. Nililala huko kipindi kirefu, mguu umening'inizwa, nasikia harufu ya usipa, dagaa wa kule, wakianikwa mchangani na nyimbo za Waanglikana kila asubuhi, mimi Mkatoliki, mpaka nikazijua. Daktari alisema nina bahati. Mwanzoni neno hilo liliniudhi. Nililielewa pale alipokuja askari kuandika maelezo yangu. Alikuwa mtu mpole, anasumbuliwa na mafua. Alitoa mfukoni risasi mbili akazilaza juu ya blanketi langu, moja ya padri na moja ya wageni.

"Unaona dada, hii ya kuwindia ina pua laini. Ikiingia inafunguka, inabaki humohumo ndani ya mnyama. Hii nyingine ni ya kulengea shabaha. Imevaa koti la shaba mwili mzima, haifunguki, inatoboa na kupita. Kwenye ubao haina neno. Baba yako yeye kaangalia namba tu."

"Ingekuwa hii ya pua laini ndiyo imenipata?" nikauliza.

"Ungekuwa na mguu mmoja," akasema, akapenga kamasi. "Lakini ile isingefika kwako."

Aliniuliza nina malalamiko gani. Nilijua bunduki iko kituoni Mbinga na mzee anaripoti huko kila anapoitwa, anatembea, anapanda gari, analala kwenye benchi. Nikasema sina malalamiko. Nikasema mzee alifuata sheria zote na kosa lilikuwa la risasi. Askari alinisomea nilichosema, nikaweka sahihi, na baada ya muda mzee akarudishiwa bunduki yake. Ukoo wote ulinisifu. Mama mkwe alilia mikononi mwangu, akaniita mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema.

Niliporudi nyumbani nilikuta gongo la kutembelea limeegemezwa mlangoni. Mninga, limepigwa msasa mpaka linateleza, kichwani limefungwa ngozi ya mbuzi ili lisiniumize kwapa. Halikuwa na ujumbe, na halikuhitaji. Baada ya wiki kadhaa nilipoanza kukanyaga, nikaamka nikakuta jingine, fupi zaidi. Kisha kigoda kilichochongwa upande mmoja chini, ili nikikalie bila kukunja goti. Kisha kitanda cha mtoto. Kisha meza ndogo ya jikoni, ili nisiiname. Nyumba ikajaa mbao. Kila asubuhi niliogopa kufungua mlango, maana ningekuta mzee ameomba radhi tena kwa mti mwingine, na mimi sina pa kuuweka.

Laiti tungekuwa watu wa kugombana. Ningemwambia, "Baba, uliniumiza," naye angesema, "Mwanangu, nisamehe," tungelia, yakaisha. Badala yake tulikuwa na ukuta, adabu na yule mama mkwe akienda huku na huku kama mbebaji wa barua. Na hasira yangu, kwa kuwa haikuwa na mlango, ikatafuta dirisha. Nilipojua yuko upande wa pili wa ukuta, nililigonga lile gongo sakafuni kuliko ilivyohitajika. Nilipopishana naye njiani nilichechemea zaidi ya maumivu, na kupiga goti nilikuwa napiga polepole, na mkono kiunoni. Alikuwa anasimama, anasubiri nimalize. Moyo wangu ulinisuta hapohapo, sikungojea uzee. Lakini kesho yake nilirudia.

Msimu uliofuata mahindi yalistawi. Ndiyo miaka ambayo ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa na watu waliinunua kwa uchungu, kwa hiyo kila hindi lilipatikana kwa kujinyima. Yalipoanza kukaza punje, nguruwe wakaja. Watu walingoja mlio wa alfajiri. Haukusikika. Wenye mashamba walikwenda kwa mzee kama zamani, wakazungumzia mvua, wakazungumzia kahawa. Mzee akawakaribisha, akawapa pombe ya ugimbi, akazungumzia mvua na kahawa pia, na hakuuliza wanaingilia upande gani.

Wakajaribu vingine. Waliwasha moto pembeni mwa mashamba, wakapiga madebe, wakachimba mashimo ya mtego ambamo alitumbukia mbwa wa watu. Walimwomba bwana nyama kutoka wilayani, akaja na bunduki yake, akakaa siku kidogo, akaitwa kwingine. Wilaya ilikuwa kubwa na mabwana nyama walikuwa wachache. Nguruwe nao si wajinga. Shamba la mjane jirani yetu lilimalizwa lote, akabaki ameshika mabua.

Na hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Kisimani wanawake walinitekea maji ili nisiiname, wakaniuliza mguu unaendeleaje, kisha wakageukiana na kuhesabiana mashamba yaliyoliwa, kwa sauti ya chini, kama watu walio mbele ya mgonjwa. Nilikuwa nimeumia mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikitembea katikati yao na mguu ulioinyamazisha bunduki. Nilijisikia mwenye hatia kama mwizi. Usiniulize kwa nini, akili yangu iliniambia sina kosa, na nilipoyatazama mabua ya yule mjane akili haikuwa na la kuniambia. Nikajua pia kwamba magoti yangu ya polepole yamefanya sehemu ya kazi ile. Mzee alikuwa ameshaumia vya kutosha, mimi nikamwongezea kila siku kidogo kidogo, na sasa kijiji kizima kinalipa.

Jioni za Jumapili ukoo wetu ulikula sengu. Ni desturi ya Wamatengo: kila nyumba inapeleka chakula uani kwa mkubwa wa ukoo, wanaume wanakula pamoja, na mambo ya ukoo yanaamuliwa hapohapo mikono ikiwa kwenye ugali. Wanawake tunapeleka, tunapiga goti, tunaweka, tunaondoka. Jumapili ile niliweka ugali wangu na maharage, na sikuondoka.

Wanaume wakaacha kutafuna. Mume wangu alinikazia macho. Baba mkwe alikuwa amekaa pembeni, ameinamia sahani.

"Baba," nikasema. Neno hilo moja lilitosha kuvunja kila kitu, maana nilikuwa nimelielekeza kwake moja kwa moja, mbele za watu. "Baba, mahindi yanaliwa. Mimi ndiye niliyepigwa, na mimi ndiye ninayesema. Chukua bunduki. Mimi siogopi."

Mzee mkubwa wa ukoo akakohoa. Baba mkwe hakuinua uso, lakini niliona vidole vyake vimezama kwenye tonge, havitoki. Sikumwomba faraghani, nikamwomba mbele ya kaka zake wote, mahali ambapo mtu hawezi kukataa neno la aliyemjeruhi. Wakati ule niliona ni ujasiri. Nilitaka mahindi yapone, nilitaka yule mjane ale, na nilitaka, zaidi ya yote, ule mzigo unitoke mgongoni. Nilimtwisha yeye.

"Mama amesema," mkubwa wa ukoo akatamka hatimaye. "Lisilobudi hutendwa."

Siku mbili baadaye mpiga mbiu alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba alfajiri inayofuata hakuna mtu kuvuka kwenda ng'ambo. Mama mkwe aliniambia mzee amechagua zile risasi za padri zilizobaki, za pua laini, amezikagua moja moja karibu na taa. Kabla ya kwenda kulala alimtuma mkewe aje kuuliza kama asubuhi nitakuwa nyumbani. Nikasema nitakuwa nyumbani, uani, napika uji. Akamtuma tena aje kuuliza kama nina hakika.

Kwa hiyo nilikuwa uani, nyuma ya mzee kabisa, mbali na bonde, mahali salama kuliko pote katika wilaya nzima ya Mbinga. Nilikuwa nimewasha moto. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kile kigoda changu, anachezea gunzi. Mama mkwe alikuwa ameshuka kisimani. Kulipambazuka vizuri, nikasikia jogoo, nikasikia majirani wakinong'ona juu ya uzio wakisubiri, na mimi nilikuwa natabasamu, naapa. Halafu bunduki ikalia.

Nilichokijua baadaye ni kwamba mdomo wangu umejaa udongo na mtoto analia chini yangu. Sikumbuki kuanguka. Sikumbuki kumnyakua. Mwili wangu ulifanya vyote hivyo bila kuniuliza, na sasa ulikuwa umelala kifudifudi juu ya mtoto, umejikunja, unatetemeka, na hakuna kiungo kilichokuwa kikinisikia.

Kule shambani nguruwe alikuwa ameanguka palepale alipopigwa, dume kubwa, na risasi imebaki ndani yake kama inavyotakiwa. Nilisikia vigelegele vikipanda kutoka pande zote mbili za bonde. Baba mkwe hakungoja kumwona mnyama. Waliokuwa naye walisema aliinuka tu, bunduki mkononi, akapanda mteremko kwa haraka ya kijana, akija nyumbani. Nadhani alikuwa na furaha. Nadhani alitaka aifikishe habari mwenyewe mpaka mlangoni kwa mkewe, ili mkewe aifikishe kwangu.

Alikunja kona ya nyumba, akaona nimelala chini na mtoto anapiga mayowe.

Nilisikia bunduki ikianguka. Alipiga magoti kando yangu, akanigeuza, akamtoa mtoto, akampapasa kichwa na kifua, akamweka pembeni, akanirudia mimi. "Wapi? Mama, wapi? Wapi?" Alinishika uso kwa mikono yote miwili na kuniangalia machoni, na mimi nikamwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya kahawia, moja lina utando wa uzee, na yamejaa maji. Kisha akaanza kunitafuta jeraha. Alinipapasa mabega, mbavu, mgongo, akifuata damu ambayo haikuwepo. Kanga yangu ilikuwa imefunguka katika kuanguka. Mkono wake ukafika pajani, ukagusa lile kovu, akaivuta kanga pembeni akaliona lote: pale risasi ilipoingia, na pale ilipotokea, nyama imevutana kama mfuko uliokazwa kamba.

Hapo akaacha kutafuta. Hata mikono yake ilisimama. Akaelewa kwamba lile jeraha ni la zamani, kwamba hakunipiga, kwamba nimelala chini kwa sababu ya sauti tu, na kwamba yule aliyesimama kwenye sengu na kusema haogopi alikuwa haujui mwili wake mwenyewe. Akaivuta kanga taratibu akanifunika mpaka kwenye vifundo vya miguu, kama unavyomfunika mtoto aliyelala.

Yaliyotokea baadaye nayasema kwa kifupi, kwa sababu wote tuliyaona. Juma lile alikwenda Mbinga akaikabidhi bunduki kituoni pamoja na kopo la biskuti na risasi zake zote, na hakurudi kuidai. Watu wengine walimwendea wakamlilia, hakubadili nia. Mahindi yaliyobaki yaliliwa. Mwaka ule tulikula muhogo kutoka vijiji vya ziwani, na yule mjane akahamia kwa kaka yake, na mwaka uliofuata mashamba yote ya chini yaliachwa yawe msitu. Baba mkwe aliishi miaka kadhaa tena. Hakunitengenezea kitu kingine. Alitafuta njia nyingine ya kwenda kanisani, ya juu, ndefu, ili nisilazimike kumpisha, na alikufa kwa homa wakati wa mavuno ya kahawa, nami nikachechemea nyuma ya jeneza lake, safari hii kwa kadiri ya maumivu tu.

Watu husema ya kale hayanuki. Labda ya kwao. Si mahindi ninayoyawaza, wala yale magoti yangu ya polepole, ingawa nayo yana siku zake. Kuna kitu ambacho sikumwambia mume wangu, na mama mkwe alikufa bila kukisikia. Baba mkwe aliponifunika, kabla hajasimama, aliniinamia akauliza mara moja zaidi, kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Mwanangu, u mzima?"

Nilikuwa mzima. Mtetemeko ulikuwa umeshaanza kuniacha, ulimi nilikuwa nao, pumzi nilikuwa nayo. Hatukuwa na ukuta wala mtu wa kutuletea maneno, alikuwa ameniuliza mimi na nilitakiwa kumjibu mimi. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, ndiyo. Na sijui hadi leo kama ilikuwa hofu, au aibu ya kuonwa, au adabu ya mkwe, au ile hasira yangu imepata mlango mwishowe. Nilimtazama kidogo zaidi, ili ajue kwamba nimemsikia. Kisha nikageuza uso.